Marufuku Isiyosikiwa Si Marufuku



Miaka mingi iliyopita mzee mmoja alituuliza swali, nasi hatukuwa na jibu. Tulikuwa makarani vijana katika ofisi moja ya upande huu wa Musoma, ambayo jina lake hatulitaji. Mzee yule alitoka Bugwema alfajiri, akiswaga ng'ombe wawili kwenda mnadani, kwa kuwa mwanawe alidaiwa ada ya shule. Njiani akasimamishwa, ng'ombe wakazuiwa, naye akaletwa mbele ya meza yetu ili aandikiwe faini. Tukamwambia kwa ile sauti ya kikarani mnayoijua: "Mzee, kusafirisha ng'ombe kumepigwa marufuku tangu wiki mbili zilizopita, kwa sababu ya maradhi ya mifugo." Mzee akatutazama bila hasira, akasema: "Imepigwa wapi, wanangu? Mbona sisi hatukusikia?"

Wenzetu wawili walicheka, wakidhani mzee hajui Kiswahili. Sisi hatukuweza kucheka, kwa maana tangazo lile tulilipiga chapa kwa mikono yetu, tukajua kila nakala ilikokwenda. Nakala zilikuwa sita. Moja ilikaa katika jalada, mbili zikapelekwa kwa wakubwa, moja ikapewa askari, moja watu wa mifugo, na ya sita ikabandikwa ukutani ndani ya ofisi, nyuma ya mlango. Hata mlango ukiwa wazi karatasi ile hufunikwa. Ya Bugwema haikuwako. Mzee alilipa faini kwa fedha aliyokuwa nayo, akarudi na ng'ombe wake, na mwanawe hakwenda shule muhula ule.

Tangu siku ile tumelifikiri sana neno hili, marufuku, na leo twaomba nafasi katika kurasa hizi za kudurufu tuseme tulilolipata. Tulilopata ni hili: mzee yule alikijua Kiswahili kuliko sisi. Swali lake lilikuwa ndilo maana yenyewe ya neno.

Tazameni kwanza umbo lake. Marufuku limekaa pamoja na jamaa ya maneno tuliyoyapokea kwa njia ya Kiarabu, yanayoanza kwa "ma" na kutaja jambo lililokwisha kutendewa kitendo fulani: maalumu ni lililojulishwa, mashuhuri ni lililoenezwa habari zake. Kitenzi kurufuku, yaani kukataza, kimo katika kamusi, ila vinywani mwa watu kimekwisha kufifia. Kilichobaki ni hili jina, nalo hupenda kufuatana na kitenzi kimoja, kupiga. Twasema kupiga marufuku, na jambo kupigwa marufuku.

Je, kwa nini kupiga? Katika lugha yetu mambo mengi hupigwa, na si yote yapigwayo kwa fimbo. Twapiga kengele, twapiga chapa, twapiga kura, twapiga mnada. Lakini liko moja lililo jirani sana na neno letu, nalo ni kupiga mbiu. Mbiu ni pembe ya nyati. Katika miji ya pwani, mtawala alipotaka watu wajue neno, pembe ile ililia, watu wakaacha shughuli zao, na mtangazaji akalisema neno njiani na sokoni, mpaka likawafikia. Tangazo hilo liliitwa mgambo. Ndiyo asili ya mithali tunayoitumia hata sisi wa bara tusiopata kuiona mbiu kwa macho: mbiu ya mgambo ikilia, kuna jambo.

Kamusi za kale zakubaliana na hayo. Ile ya A. C. Madan ya mwaka 1903, na ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 iliyojengwa juu yake, hulieleza neno marufuku kuwa ni tangazo la hadharani la kukataza jambo. Liangalieni vizuri neno "hadharani". Halikuwekwa pale kuwa pambo. Kukataza kwa siri kuna majina mengine, lakini si marufuku.

Huenda msomaji akasema kwamba tunagawanya unywele mmoja mara nne. Tunamwomba astahimili kidogo, kwa kuwa Kiswahili chenyewe kimetenga maneno ya kukataza, na kila neno lina mlango wake wa kuingilia.

Liko neno mwiko. Mwiko hauna aliyeutia sahihi. Mtu huzaliwa akaukuta, akafundishwa na bibi yake jikoni kwamba watu wa ukoo wetu nyama hii hawaili, au jambo hili halifanywi siku ya msiba. Jirani yake ni mzio, chakula ambacho mtu au ukoo hujiepusha nacho; na ndugu zetu Waganda, ng'ambo ya ziwa, kila ukoo wao una muziro wake. Mwiko huingia pamoja na maziwa ya mama, na mwenye kuuvunja huadhibiwa na moyo wake kabla hajaonwa na watu.

Liko neno haramu. Hilo ni neno la dini, nalo lina mwenziwe, halali. Mwislamu hulipata chuoni tangu utotoni, na Mkristo naye ana mafundisho yake yaliyo mfano wa hayo. Haramu haibadiliki kwa kubadilika mtawala, wala haina tarehe ya kuanza kazi.

Liko neno kukataza. Baba humkataza mwanawe kuoga ziwani penye mamba. Mwenye shamba humkataza jirani kupita katikati ya mihogo. Hapo wako watu wawili, mmoja anasema na mwingine anasikia, uso kwa uso. Haihitajiwi pembe.

Kisha liko marufuku. Hili hutoka kwa mwenye mamlaka, huwaelekea watu wote, na jambo linalokatazwa aghalabu jana lilikuwa ruhusa. Ng'ombe alipita jana, leo hapiti. Mtu hakulinyonya kwa mama yake, hakulisoma chuoni, wala hakuambiwa uso kwa uso. Basi atalijuaje? Hakuna njia ila moja, apigiwe mbiu. Kwa hiyo twasema kwamba marufuku ina miguu mitatu kama mafiga: yuko apigaye, liko lipigwalo, na wako wasikiao. Ondoa figa moja, chungu kitamwagika. Nasi siku ile tulikuwa na mawili tu.

Sasa yatupasa kueleza jinsi mbiu ilivyonyamaza. Utawala wa kigeni ulipokuja na boma, jalada na tarishi, karatasi ilikaa mahali pa pembe. Hatusemi kwamba karatasi ni mbaya. Sisi sote twala kwa hiyo. Karatasi haisahau, na maneno yake hayageuki yakipita kinywa hata kinywa. Lakini mbiu humwendea kila mwenye sikio, na waraka humwendea mwenye anwani. Hapo ndipo mlango ulipofunguka kwa marufuku inayojulikana ofisini na isiyojulikana mashambani.

Juu ya waraka wa kukataza, sisi watumishi tuna kisa chetu wenyewe, na ni vizuri vijana walioingia kazini karibuni wakijue. Chama cha kwanza cha watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika kiliundwa Tanga mwaka 1922, kikiongozwa na Martin Kayamba. Mwaka 1929 kikazaliwa Dar es Salaam chama cha African Association, ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la TAA. Katika vyama hivyo makarani, matabibu na walimu walikuwa ndio uti wa mgongo. Hao ndio waliojua kuandika kumbukumbu za mkutano, kutunza hesabu, na kuandika barua kwa wakubwa bila kukosa adabu na bila kuficha neno.

Mwezi wa Aprili 1953 TAA ilimchagua Julius Nyerere wa Butiama kuwa rais wake. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule ukatoka Waraka wa Serikali Namba 5, ukiwakataza watumishi Waafrika kuwa wanachama. Hebu fikirini jambo hilo kama makarani. Yamkini waraka ule, ulipodurufiwa katika ofisi za wilaya, ulipigwa chapa na vidole vya mtu aliyekuwa mwanachama; akausoma neno kwa neno huku akiuandika, akahakikisha hauna kosa, akaupeleka kutiwa sahihi. Jioni akaenda nyumbani kuchagua baina ya mshahara na chama. Wengi walichagua mshahara, wala hatuwalaumu, kwa kuwa walikuwa na watoto. Wachache walichagua chama. Katika historia ya chama kwenye Jimbo la Ziwa hatuwezi kumsahau Isaac Bhoke Munanka, mwana wa Mara, aliyekuwa karani kabla ya kuwa kiongozi wa siasa.

Tarehe 7 Julai 1954 TAA ikawa TANU. Kabla mwaka haujakwisha, TANU ikakatazwa kufanya kazi katika wilaya za Usukuma, jirani zetu, na katazo lile likadumu hata mwaka 1958. Nyerere naye, aliyekuwa mwalimu wa shule ya misheni Pugu, akatakiwa achague baina ya ualimu na siasa. Machi 1955 akaacha kazi, akarudi kwao. Mwaka 1957 alikatazwa kwa miezi kadhaa kuhutubia mikutano ya hadhara. Mwaka 1958 akashtakiwa kwa kuwakashifu maofisa wa wilaya wawili katika jarida liitwalo Sauti ya TANU, akatozwa faini ya pauni 150, yaani shilingi 3,000. Na jarida lile, ndugu zetu, halikuwa gazeti la mitambo mikubwa. Lilikuwa la kudurufu, kama hili mlishikalo.

Kwa nini tumekumbusha mambo haya? Si kwa kutukuza marufuku zile, kwa maana zilikuwa dhuluma. Tumekumbusha ili tuonyeshe jambo moja ambalo wengi hawalitazami. Waraka wa 1953 ulitaja nani amekataza, amekataza nini, na amemkataza nani. Aliyekatazwa alijua. Na kwa kuwa alijua, aliweza kutii kwa akili yake, au kukataa kwa akili yake na kubeba gharama. Nyerere aliweza kuandika barua ya kuacha kazi kwa sababu uchaguzi uliwekwa mbele yake waziwazi. Marufuku iliyotajwa wazi, hata ikiwa mbaya, yaweza kujibiwa wazi, nayo siku moja yaweza kuondolewa. Lakini ile isiyotajwa haina wa kuijibu. Mzee wetu wa Bugwema hakupewa nafasi ya kutii wala ya kukataa. Alipewa stakabadhi ya faini tu. Katika jambo hili moja, karani mmoja aliyelala na kubandika karatasi nyuma ya mlango alimdhulumu mtu kwa namna ambayo hata waraka ule wa wakoloni haukuwadhulumu watumishi.

Wala msidhani kwamba marufuku zilikwisha siku bendera iliposhushwa. Katazo la watumishi kuingia katika siasa lilibaki hata baada ya Uhuru, mpaka mwaka 1964 walipofunguliwa mlango wa kujiunga na TANU. Mwaka uliofuata, 1965, nchi ikawa ya chama kimoja kwa sheria upande wa Bara, na vyama vingine havikuruhusiwa tena mpaka mwaka 1992. Mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa ilizuiwa, na wengi wakabishana juu ya mipaka ya zuio lile na juu ya sheria liliyoitegemea. Tarehe 3 Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kuliondoa. Kila serikali hukataza. Hatukatai hayo, kwa kuwa mji usiokatazwa kitu hauna amani. Swali letu ni la mzee yule: imepigwa wapi?

Tutoe na mfano mwema, tusije tukaonekana watu wa kulaumu tu. Mwezi wa Aprili 2019 Waziri Mkuu alitangaza Bungeni kwamba mifuko ya plastiki itapigwa marufuku Tanzania Bara kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Kitu kilitajwa. Siku ilitajwa. Watu wakapewa majuma kadhaa ya kumaliza waliyokuwa nayo. Vilivyosamehewa, kama vifungashio vya dawa na vya bidhaa za viwandani, vilitajwa pia. Redio zikasema, misikiti na makanisa yakasema, wachuuzi wakaambizana sokoni; na siku ilipofika, hata mama muuza dagaa asiyejua kusoma alijua kwamba mfuko ule hautakiwi. Wako walioupenda uamuzi ule na wako waliouchukia, lakini hatukumsikia mtu akiuliza ilipigwa wapi. Hiyo ndiyo marufuku kwa maana yake ya asili, na mbiu yake ililia.

Hapa tuseme neno juu ya mgambo, kwa maana habari zake ni za kusikitisha kidogo. Tumesema kwamba zamani mgambo ulikuwa tangazo. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulitaka wananchi wafundishwe ulinzi, na jeshi la wananchi hao likaitwa mgambo. Jina lilifaa, kwa sababu waliitwa kwa ajili ya jambo la wote. Lakini siku hizi, ukitaja mgambo mbele ya mchuuzi wa sokoni, hafikiri habari ya tangazo. Afikiri rungu, na meza yake iliyopinduliwa, na nyanya zake zilizotawanyika matopeni. Neno lililokuwa sauti ya kuonya kabla ya adhabu limekuwa jina la mkono unaoadhibu. Hatuwalaumu vijana wa mgambo, wanaotumwa na wakubwa wao. Twasema tu kwamba lugha imeandika kumbukumbu ya mabadiliko yetu: tuliacha kutangaza, tukabaki na kukamata.

Jambo la pili la kusikitisha ni safari ya neno haramu. Neno hili limetoka katika dini likaingia katika majalada, na sasa twaandika uvuvi haramu, biashara haramu, pombe haramu. Hayo twaweza kuyakubali, kwa kuwa ni matendo na vitu. Kokoro huvua samaki wachanga na kuharibu mazalio, na anayeishi kando ya Ziwa Victoria ajua kwamba ikiachwa wajukuu watakula habari za samaki. Lakini kalamu haikukoma hapo. Imekwenda mpaka kwa watu: mvuvi haramu, mhamiaji haramu. Sisi wa Mara tunaokaa karibu na mpaka, wenye shangazi na wajomba pande zote mbili, yatupasa kuliogopa neno hilo. Tendo la mtu laweza kukatazwa, na kukaa kwake nchini kwaweza kuwa bila idhini. Hayo yaandikwe hivyo hivyo, kwa maneno hayo. Mtu mwenyewe hapigwi marufuku. Ukikwisha kuandika kwamba mtu ni haramu, huoni tena haja ya kumwuliza jina la baba yake, wala kumpa kiti akakaa. Na karani ndiye wa kwanza kuandika.

Twajua lipo jibu ambalo wenzetu wengi wataleta. Watasema kwamba kutojua sheria si udhuru, na kwamba ikiwa kila mtu ataachiliwa kwa kusema "sikusikia", hakuna sheria itakayosimama. Neno hilo ni la kweli, nasi hatulitupi. Walakini tazameni limesimama juu ya nini. Limesimama juu ya kwamba sheria imetangazwa, kiasi kwamba mwenye kutaka kujua aliweza kujua. Ndiyo maana kuna Gazeti la Serikali. Ni mpaka mwaka 2021 ambapo Bunge lilipitisha kwamba Kiswahili ndicho lugha ya sheria. Kabla ya hapo sheria zetu nyingi ziliandikwa kwa Kiingereza. Basi mzee asiyejua Kiingereza, akaaye mbali na lami, katika wilaya ambayo majumbani husemwa Kijita, Kikwaya, Kizanaki, Kikurya na Kijaluo, angewezaje kuambiwa kwamba alipaswa kujua? Kabla ya kumwambia "kutojua si udhuru", yatupasa sisi wenyewe tuweze kusema "tulikujulisha". Asiyeweza kusema la pili hana haki ya kusema la kwanza.

Tena sheria isiyosikiwa hujiharibu yenyewe. Zuio lile la ng'ombe lilikuwa jema. Maradhi ya mifugo hayachezewi, na ng'ombe mmoja mgonjwa akifika mnadani huweza kuambukiza mazizi ya tarafa nzima. Kama tangazo lingalifika Bugwema, mzee angalizuia ng'ombe wake mwenyewe na kuwaonya jirani, maana hakuna aipendaye afya ya ng'ombe kuliko mwenye ng'ombe. Badala yake, ng'ombe wengine walipita usiku kwa njia za porini, kwa kuwa watu walidhani ni hila ya kutafuta faini. Tulipoteza imani yao na hatukuyazuia maradhi. Hayo ni malipo ya karatasi moja iliyobandikwa nyuma ya mlango.

Basi tufanye nini, sisi tusiotunga sheria bali tunazinakili? Wako watakaosema kwamba karani hana mamlaka. Ni kweli, karani hana mamlaka ya kupiga marufuku wala ya kuiondoa. Lakini mbiu iko mkononi mwake. Mkubwa hutia sahihi na kuondoka; ni sisi tunaojua nakala ni ngapi na zinakwenda wapi. Kwa hiyo twawashauri wenzetu haya, na kila mmoja ayapime kwa hali ya ofisi yake.

Kwanza, tangazo la kukataza likiletwa mezani, tulisome kabla ya kulipiga chapa, tuone kama limetaja mambo manne: nani anakataza na kwa sheria gani, anakataza nini hasa, tangu lini, na mpaka lini au mpaka litokee nini. Likikosa moja, turudi kwa mkubwa kwa adabu tuulize. Hakuna mkubwa mwenye akili atakayechukia kuulizwa tarehe.

Pili, nakala ya kwanza iwe ya wale wanaokatazwa, ndipo zifuate za jalada. Ibandikwe nje, mahali penye mti au baraza ambapo watu hukaa. Tena tuwapelekee wanaosema na watu: wenyeviti wa vitongoji, walimu, mashehe, mapadre na wachungaji, wenye mashine za kusaga, wapigaji wa mnada. Siku ya gulio isemwe kwa kinywa, na inapofaa isemwe kwa lugha ya nyumbani.

Tatu, neno lenyewe tusilitumie ovyo. Leo kila ukuta umeandikwa marufuku: marufuku kuegemea, marufuku kutupa taka, marufuku kukojoa hapa. Penye kutosha "tafadhali", tuandike tafadhali. Penye kutosha "hairuhusiwi", tuandike hivyo. Mbiu inayolia kila saa haimtoi mtu nyumbani, na siku ya jambo kubwa tutalia bila kusikiwa.

Nne, na hili ndilo tunalolisahau kuliko yote, marufuku ikiondolewa ipigiwe mbiu ile ile. Tumeona mazuio yaliyokwisha zamani yakiendelea kuwatisha watu, kwa kuwa karatasi ya kufunga ilibandikwa na karatasi ya kufungua ilikaa katika jalada. Mtu anayeogopa sheria iliyokwisha kufa anatawaliwa na mzimu, na aliyeuacha mzimu ule utembee ni karani.

Tunamaliza. Mzee yule wa Bugwema amekwisha kufariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mwanawe tulikutana naye baadaye; alirudi shuleni kwa kuchelewa, akasoma kadiri alivyoweza, na sasa analima bondeni. Hatukupata kumwambia kwamba tangazo lile tulilipiga chapa sisi. Leo tumeliandika hapa, na nakala moja ya karatasi hizi tutaipeleka Bugwema kwa mikono yetu, tuibandike nje.